Mjadala: "Sus" si neno la gemu tu, na kosa la uzururaji nalo lifutwe

Wadau, kuna aliyesisitiza hapa kwamba "sus", yaani mtu asiyeeleweka, limezaliwa na gemu la Among Us na ni utoto mtupu. Napinga. Gemu hilo lilitoka 2018, likashika kasi 2020 watu wamejifungia ndani kwa korona. Lilichofanya ni kulisambaza. Wamarekani weusi walikuwa nalo tangu zamani, na Uingereza lilikuwa jina la sheria, tena sheria iliyochukiwa.

Sheria ya Uzururaji ya 1824 ilitungwa wakati askari walioachishwa baada ya vita vya Napoleon wametapakaa barabarani, hawana kazi wala pa kulala. Kifungu cha 4 kiliruhusu kumkamata "mtu anayeshukiwa" (kwa Kiingereza, suspected person) kuzurura kwa nia ya kutenda kosa. Kufikia miaka ya 1970 watu wa London walikiita sus kwa mkato, na waliokiona cha moto hasa ni vijana weusi. Askari wawili wanapanda kizimbani: tulimwona akijaribu kitasa cha gari hili, akaenda la pili, tukamkamata. Hakuna mlalamikaji, hakuna kilichoibiwa, hakuna shahidi mwingine. Hakimu anaridhika, kijana anatiwa hatiani.

Aprili 1981, baada ya polisi kusimamisha na kupekua watu zaidi ya 900 kwa siku chache, Brixton, mtaa wa London, ikalipuka kwa ghasia. Muswada wa kuifuta sus ulikuwa tayari bungeni. Ukapita mwaka huohuo.

Sasa tuje kwetu Tanzania, maana hapa ndipo ninapotaka tubishane. Mwingereza alikuwa ameshaipanda sheria ile kwenye makoloni yake. Uzururaji wa kwenye Kanuni ya Adhabu, ule unaowazoa machinga na vijana wa vijiweni, ni mtoto wake wa damu. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo hapahapa Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hii zinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Malawi mahakama ilikuwa imeshafuta kifungu kama hicho 2017, Uganda nayo ikafuata 2022.

Najua nitaambiwa: basi polisi wasubiri tuibiwe kwanza? Hata kidogo. Sheria ya Uingereza ya 1981 iliyofuta sus iliweka mahali pake kosa la kujaribu kutenda uhalifu, na kosa la kuchezea gari la mtu. Mwizi bado anakamatika, ila lazima awe amefanya kitu. Kusimama kona usiku bila ya kitambulisho si kufanya kitu, jamani.

Anayetetea uzururaji aje na hoja. Aniambie ni mwizi gani anayekamatwa kwa kosa hilo ambaye asingekamatwa kwa kosa la kujaribu kuiba.