Kompyuta namba tatu inazima ovyo: ni stima au ni RAM?

Nyar Kondele
Wadau, habari za jioni. Nina saiba ndogo hapa Kondele, Kisumu, kompyuta nne, na hii namba tatu imenitoa jasho wiki mbili sasa. Mteja anajaza ritani za kodi kwenye iTax, akifika mwisho skrini inageuka bluu, mashine inajiwasha upya. Jana mwalimu mmoja ameandika barua ya kuomba uhamisho mara tatu. Sikumlipisha, na soda nikamnunulia.

Nilidhani ni stima, maana mvua ya jioni ikianza huku ziwani taa huchezacheza. Lakini zile tatu zingine ziko kwenye ekstensheni hiyohiyo na hazijawahi kukohoa. Windows nimeiweka upya mara mbili, bure. Maneno ya skrini nayo hayatulii: leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA. Ni ya mtumba, RAM yake (kumbukumbu ya muda ya mashine) ni aina ya DDR3. Ilikuwa na GB 4, mwezi jana fundi akaniongezea GB 4 nyingine. Ya zamani imeandikwa 1333, mpya 1600.

Fundi wa Section 58
Dada, "mwezi jana fundi akaniongezea", hapo ndipo pa kuanzia. 1333 na 1600 kukaa pamoja si shida, zote zitatembea kwa mwendo wa ile ya polepole. Weka Memtest86+, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, washa mashine kutoka flashi hiyo, iache ipime usiku kucha. Raundi moja usiiamini. Nimeona RAM ikipita mbili safi, ya tatu mistari myekundu ikajaa skrini. Kosa hata moja ni ugonjwa. Ukiliona, zima, chomoa waya wa stima, upime moja moja kwenye sloti ileile, yaani pale RAM inapochomekwa. Halafu ile nzima ijaribu sloti ya pili, kwani sloti nazo huugua.

Jirani wa Webuye
Ukizitoa, sugua yale meno ya dhahabu kwa raba ya penseli, pole pole. Na kazi ya mteja usihifadhi kwenye hiyo mashine kwanza. RAM mbovu huharibu faili kimyakimya, utajua siku anayoitaka.

Nyar Kondele
Nimerudi. Zote mbili pamoja: makosa 3 kabla sijafunga duka. Ya zamani peke yake sloti ya kwanza, safi mpaka asubuhi. Nikasema basi, mpya ndiyo mbovu. Nikaipima sloti hiyohiyo usiku uliofuata: safi pia! Nikahamisha ya zamani sloti ya pili, dakika kumi hazijaisha, nyekundu.

Nimemulika kwa tochi ya simu. Ndani ya sloti kuna uchafu mweusi wa mende na mguu wake mmoja, mkavu, umelala juu ya pini. Nimeusafisha kwa mswaki mpya mkavu. Jana usiku zote mbili pamoja, raundi nne, makosa sifuri. Leo namba tatu imeshinda kazini bila kuzima.

Shida iliyobaki ni fundi. Ile asubuhi ya kwanza, kabla sijapima ya kwake, nilimpigia simu nikamwita tapeli. Sasa hashiki simu yangu.

Fundi wa Section 58
Mtumie ya soda kwa M-Pesa. Atapiga mwenyewe.