Naombeni ushauri: kazi ya sanaa ya nje kwenye nyumba zetu za maveterani, Tacoma

MamaUgavi (mwenye uzi)

Habari za wakati huu ndugu zangu. Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, Mombasa. Nimetumikia jeshi la Marekani miaka minane, upande wa ugavi, kazi yangu ikiwa kuendesha malori. Sasa naishi Tacoma, jimbo la Washington, kwenye nyumba za bei nafuu za maveterani. Tuko kaya 58. Wengi wetu tulikuwa tukilala kwenye magari au kwa jamaa kabla ya kupata vocha ya maveterani ya kulipia kodi ya nyumba.

Shirika linalomiliki majengo limetenga dola 75,000 kwa kazi moja ya sanaa, iwekwe kwenye kiwanja kidogo kati ya mlango mkuu na kituo cha basi. Wakazi wamenichagua niwawakilishe kwenye kamati ya watu watano. Kikao cha kwanza tu, mjumbe mmoja ambaye pia ni mfadhili, mtu mwema kabisa, akaja na picha tayari: sanamu ya shaba ya askari aliyepiga goti mbele ya bunduki iliyosimikwa mtutu chini, kofia ya chuma juu yake, buti pembeni. Mchongaji ameshampata. Anataka tupitishe mwezi ujao.

Nikarudi nikawaonyesha majirani. Mzee wa ghorofa ya chini, aliyepigana Vietnam, aliitazama picha kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa nini tunataka kuweka kaburi mlangoni pake. Na kweli, kwa askari wa Marekani bunduki, kofia na buti zikipangwa hivyo ni alama ya mwenzao aliyekufa vitani. Mama mmoja aliyekuwa nesi wa jeshi akaniuliza: na mimi niko wapi hapo? Lakini kuna kijana aliyepigana Iraq, amepoteza wenzake wawili, naye anaitaka sanamu hiyo kwa moyo wote.

Mimi najua malori, sijui sanaa. Nianzie wapi? Sitaki kumvunjia heshima mfadhili, na sitaki majirani zangu wapite kila asubuhi wakiangalia pembeni.

MzeeWaLikoni

Binti yangu, shikamana na swali la huyo nesi. Ukifika Nairobi, pale Kenyatta Avenue, utaikuta ile sanamu ya Vita Kuu ya kwanza. Watu ni watatu, na mmoja wao hana bunduki. Ni mpagazi. Wapagazi walichukuliwa kwa maelfu kubeba risasi na unga wa jeshi, waliokufa kwa njaa na maradhi wakawa wengi kuliko waliokufa kwa risasi, na wengi hawana hata kaburi linalojulikana. Ila mtu mmoja alikumbuka kuwasimamisha pale pamoja na askari, na mimi kila nikipita namtazama huyo kwanza, kwa sababu babu yangu alikuwa mpagazi.

Wewe dereva wa lori ndiye mpagazi wa zama hizi. Kamati ikiulizwa askari ni nani, jibu lisiwe mtu mwenye bunduki peke yake.

Kalibu

Dada, nimesimamia kazi za sanaa za manispaa hapa Marekani kwa miaka kadhaa. Kosa naliona hapo mwanzo: mmetafuta sanamu kabla ya kuuliza mahali panahitaji nini.

Mwombe mwenyekiti asimamishe uamuzi kwa miezi miwili. Usiseme mnaikataa sanamu. Sema mnaweka utaratibu, na mchongaji wa mfadhili anakaribishwa kuomba kama wengine. Kisha tangazeni mwito wa wasanii kuleta picha za kazi walizokwisha kufanya, siyo michoro mipya. Kumwomba msanii abuni bure ni kumnyonya, na wale wazuri hawatakuja. Chagueni watatu, kila mmoja alipwe kitu kama dola 1,500, wafike hapo, wakae na wakazi, ndipo walete mapendekezo.

Kuhusu hesabu, 75,000 siyo ya sanamu peke yake. Humo kuna msingi wa zege, mhandisi wa kuhakiki na kuweka muhuri, kibali, usafiri, bima ya msanii, taa na umeme wake. Weka asilimia kumi pembeni kwa dharura. Kinachobaki ndicho cha kazi yenyewe, na kusubu shaba ni ghali, kwa hiyo mtu wa ukubwa kamili anaweza kuzimaliza zote kabla hamjachimba msingi.

Mkumbushe mjumbe wenu habari ya Tilted Arc. Mwaka 1981 Richard Serra, mchongaji mkubwa, aliweka ukuta wa chuma wa mita 36 katikati ya uwanja wa Federal Plaza, New York. Wafanyakazi wa ofisi za pale hawakushirikishwa. Walikuwa wakiuzunguka kila siku kufika kazini, malalamiko yakafika kwenye kikao cha hadhara, na mwaka 1989 ukakatwa vipande ukaondolewa. Wengine mpaka leo wanalia kwamba kazi nzuri iliharibiwa, na mimi ni mmoja wao. Lakini wale watu walikuwa na haki ya kuulizwa.

NesiWaKent

Nafanya kazi na maveterani, wengi wana majeraha ya moyo yasiyoonekana. Tafadhali sana: kisiwepo kitu kinachogongana na kulia kikipigwa na upepo. Kisiwepo kinachozunguka na kutupa vivuli vya ghafla ukutani. Na kisiwe kipana kiasi cha mtu kujificha nyuma yake karibu na mlango, maana wapo ambao hawatatoka ndani jioni. Mkiweka benchi, mgongo wake uelekee ukuta na macho yaone njia zote mbili.

Tena mnajua wenyewe, Disemba jua la Tacoma linazama saa kumi na robo hivi. Kazi isiyo na taa itaonekana saa chache tu wakati wa baridi, na hicho ndicho kipindi watu wanachohitaji sana kitu cha kutazama.

Kalibu

Umesema kweli nesi. Nami naongeza la vipofu na viti vya magurudumu: kanuni za hapa haziruhusu kitu kilicho kati ya inchi 27 na inchi 80 kutoka chini kichomoze kwenye njia zaidi ya inchi 4. Fimbo nyeupe inapita chini yake bila kukigusa, mtu anajigonga usoni. Mkono wa sanamu ulionyooshwa unaweza kuvunja kanuni hiyo.

Sheria_na_Haki

Mkataba. Kuna sheria ya Marekani ya 1990 inayolinda haki za wasanii wa sanaa za kuonekana. Kulipia kazi hakuwapi ruhusa ya kuifuta mnavyotaka. Wenye jengo la 5Pointz, Queens, New York, ambalo wasanii walikuwa wamelichora kuta zake, walipaka chokaa michoro hiyo usiku mmoja wa 2013. Mwaka 2018 mahakama ikawaamuru wawalipe wasanii 21 dola milioni 6.75, na rufaa ya 2020 haikuwasaidia.

Kwa hiyo andikeni mapema: jengo likihitaji ukarabati itakuwaje, msanii atapewa taarifa ya siku ngapi, nani atasafisha, kwa fedha ya nani. Hati miliki nayo hubaki kwa msanii isipokuwa ameihamisha kwa maandishi. Kama shirika linataka kutumia picha ya kazi hiyo kwenye kalenda au kuchangisha fedha, ombeni ruhusa hiyo ndani ya mkataba.

FundiRangi

Je, ni lazima iwe sanamu? Mmesema kuna mlango mkuu, basi kuna ukuta. Hapa Philadelphia tuna mpango wa michoro ya ukutani ulioanza mwaka 1984, na ufundi mmoja unaotumika sana utawafaa: mchoro unagawanywa vipande, unachorwa mezani kwenye kitambaa chepesi cha parachuti, halafu vipande vinagandishwa ukutani kwa gundi ya akriliki. Mzee asiyeweza kupanda jukwaa anapaka rangi amekaa, na kahawa yake pembeni. Nimeona watu ambao hawakuwahi kusalimiana wakipaka bahari moja kwa wiki tatu.

Kwa mvua yenu, mtu akague ukuta kwanza. Ukuta unaovuja maji ndani utatema rangi hata iwe bora namna gani. Msipake zege mbichi.

MamaUgavi (mwenye uzi)

Nimesoma yote mara mbili, na la mpagazi nimemsomea mama nesi kwa Kiingereza. Alinyamaza, kisha akaomba nimwonyeshe picha.

Mwenyekiti amekubali miezi miwili. Mfadhili alinyong'onyea, lakini nilipomweleza alichosema mzee wa Vietnam akasema hakuwa amefikiria kwamba watu wataishi nayo. Nimemheshimu kwa hilo.

Kilichobaki kinaniuma ni yule kijana. Wakazi wengi tayari wanataka mchoro wa kitambaa. Namwambiaje mtu mwenye wafu wawili kwamba wengi wape?

MzeeWaLikoni

Usimwambie hivyo. Mlangoni ni pa walio hai, lakini mtu akihitaji kuzuru, apewe mahali pa kuzuru. Hapana kona tulivu nyuma ya jengo?

Kalibu

Mzee kasema. Ule ukuta wa Vietnam kule Washington, D.C., uliobuniwa na Maya Lin na kufunguliwa mwaka 1982, hauna bunduki hata moja. Ni majina kwenye jiwe jeusi linalong'aa, na watu huyagusa kwa vidole. Jiwe dogo lenye nafasi ya majina halitamaliza bajeti yenu. Wakazi wenyewe waamue nani aandikwe.

MamaUgavi (mwenye uzi)

Ipo kona, chini ya msonobari, pale wavutaji sigara wanapokaa. Jana jioni nilimpeleka. Alipima kwa hatua, akauliza kama jiwe linaweza kuelekea mashariki.

Jumamosi tunaweka meza kwenye ukumbi, na kila mkazi ataulizwa anataka kuona nini akitoka mlangoni. Kijana ameomba yeye ndiye ashike daftari. FundiRangi, nitakuandikia faragha kuhusu unyevu wa ukuta, kuna doa upande wa bomba la mvua linalonitia wasiwasi.