Mchumba wa mdogo wangu ni Mpresbiteri wa Kenya, baba anauliza askofu wao nani

DadaMkubwa_Mkuti

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Naomba msaada kwa anayelijua Kanisa la Presbiteri kwa ndani. Mdogo wetu wa mwisho amepata mchumba, kijana wa Kenya aliyekuja Mtwara kikazi. Barua ya posa imeshaletwa na mshenga, ina adabu na lugha safi, hatuna neno nayo. Shida iko kwenye karatasi iliyoambatishwa, barua ya kanisa lake. Inasema yeye ni mshirika kamili, kwamba sesheni ya parishi imekaa na haina pingamizi, na aliyesaini ni karani wa sesheni. Juu limeandikwa jina la baraza la presbiteri. Askofu hatajwi popote.

Baba yangu ni katekista mstaafu wa Anglikana hapa Masasi, mtu wa ubani, kengele na Misa ya alfajiri. Nilimsomea ile barua kwa sababu macho yake yamechoka. Akauliza swali moja tu: "Askofu wao nani?" Kijana alipopigiwa simu akajibu kwamba hawana askofu, wana moderata. Baba akasema basi huyo moderata ndiye askofu wao. Kijana akasema, "Hapana baba, siye." Tangu hapo baba amenyamaza, na sisi watoto wake tunajua ukimya wake una uzito gani.

Mama mdogo naye kaongeza lake. Kasikia hao watu wanaamini kwamba wa motoni ameshaandikwa motoni kabla hajazaliwa, kwa hiyo kusali au kutosali ni mamoja.

Familia ya kijana inakuja minada ya korosho ikishaanza. Nataka baba akae nao akiwa anajua wanachokisema. Sesheni ni nini, moderata ni nani, huyo mzee wa kanisa wanayemtaja kila mara ana kazi gani? Na Komunio wanayo? Tafadhali andikeni kwa namna ambayo nitamsomea baba bila kuruka mstari.

Mluteri_Chikongola

Dada, pole na hongera kwa pamoja. Mimi ni KKKT, siwezi kuwasemea, ila wazee wa kanisa hata sisi tunao. Wetu wanachaguliwa na usharika kwa kipindi, wanamsaidia mchungaji, na juu yetu kuna askofu wa dayosisi. Nilivyoelewa kwa rafiki yangu mmoja Mpresbiteri, kwao mzee ana uzito zaidi ya huo, ndiyo maana barua imetoka kwenye kikao cha wazee. Subiri waje wenyewe.

Mzee_wa_Ligula

DadaMkubwa, nimeona swali lako usiku huu na sikutaka lilale. Mimi ni mzaliwa wa Nyeri, nilisimikwa mzee wa kanisa PCEA, yaani Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, huko nyumbani, nimeoa Newala na sasa naishi Ligula. Nitaandika kama ninayezungumza na baba yako. Shikamoo mzee wangu.

Swali lako la askofu ndilo swali lenyewe. Ukilipatia jibu, hayo maneno mengine yatafuata yenyewe. Kwetu kazi ya askofu haikufutwa. Imewekwa mikononi mwa baraza. Kuweka wakfu wachungaji, kusimamia mafundisho, kukagua parishi, kumwita anayekosea: hayo yote yanafanywa, lakini hayafanywi na mtu mmoja. Baraza hilo ndilo presbiteri. Linakusanya wachungaji wa eneo pamoja na wazee waliotumwa na parishi zao, na kura ya mzee ni sawa na ya mchungaji. Siku mchungaji mpya anapowekwa wakfu, wajumbe wa baraza ndio wanaomwekea mikono. Msingi wetu ni 1 Timotheo 4:14, pale Paulo anapomkumbusha Timotheo karama aliyopewa pamoja na kuwekewa mikono ya wazee.

Chini ya presbiteri iko sesheni, ambayo ni wazee wa parishi pamoja na mchungaji wao. Juu uko Mkutano Mkuu, ambao kwa PCEA hukaa kila baada ya miaka 3. Jirani zetu wa CCAP, Kanisa la Presbiteri la Afrika ya Kati, huko Malawi, katikati wanaweka sinodi, kama ile ya Livingstonia na ile ya Blantyre. Majina hupishana kidogo, mpango ni uleule.

Moderata anaongoza kikao. Mchungaji ndiye moderata wa sesheni yake, presbiteri ina wake, na Mkutano Mkuu una wake, ambaye ndiye mnamwona kwenye taarifa za habari. Fikiria mwenyekiti wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima: anaheshimiwa na anaongea kwa niaba ya wote, lakini hawezi kuuza korosho za wanachama kwa uamuzi wake peke yake. Uskoti, tulikotokea, moderata wa Mkutano Mkuu hukaa mwaka 1 tu kisha anampisha mwingine. Kijana alipokataa kumwita moderata askofu, hakuwa anabisha na mkwe. Alikuwa anasema alichofundishwa.

Kuhusu mzee wa kanisa: umri si hoja. Anaweza kuwa mama wa miaka 40 mwenye duka la vitambaa. Anachaguliwa, anafundishwa, anaapa mbele ya ushirika na kuwekwa wakfu. Anapewa wilaya yake, yaani kaya za mtaa fulani, na kaya hizo ni mzigo wake: mgonjwa, mfiwa, waliogombana, kijana aliyeacha kuja ibadani. Mzee wa wilaya ya kijana wenu ndiye aliyesimama kwenye sesheni na kusema, "Huyu namfahamu." Kwa hiyo ile barua, mzee wangu, msiione ni nyepesi kwa kukosa muhuri wa askofu. Nyuma yake kuna watu waliokaa wakamjadili mtoto wao kwa jina, na wangeweza kukataa. Nimekaa vikao vya namna hiyo. Havina haraka.

Sasa naomba radhi nirefushe kidogo, kwa sababu hili linawahusu ninyi wa Masasi moja kwa moja. Swali la baba liliwahi kutikisa Kanisa lote la Anglikana, na lilianzia kwetu na kwenu. Juni 1913, wamisionari wa madhehebu mbalimbali walikutana kwenye misheni ya Waskoti pale Kikuyu kutafuta namna ya kushirikiana. Walikuwepo maaskofu wawili wa Anglikana, Peel wa Mombasa na Willis wa Uganda. Mwishoni Askofu Peel aliadhimisha Ushirika Mtakatifu ndani ya kanisa la Waskoti, na wasio Waanglikana wakapokea. Aliyepinga kwa nguvu zote alikuwa Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, na Masasi wakati huo ilikuwa chini yake, maana dayosisi yenu ilizaliwa 1926. Weston alimwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, akitaka wenzake wale wawili wajibu mashtaka ya uzushi. Hoja yake kubwa ilikuwa hii hii ya baba: kanisa lisilo na askofu, sakramenti zake zinasimama juu ya nini? Davidson hakuwafikisha mahakamani. Jibu lake lilitoka 1915, vita vikiwa vimeshapamba moto.

Mimi ni Mpresbiteri na bado namheshimu Weston. Hakuchukulia Meza ya Bwana kama jambo la kupeana heshima tu. Na mwaka 1918, wenzake walipokutana tena Kikuyu, alikwenda mwenyewe akakaa nao mezani kujadiliana. Hawakuwa kanisa moja, ila misheni kadhaa ziliunda umoja wao, na matunda yake mojawapo ni Alliance High School, iliyofunguliwa palepale 1926. Kwa hiyo baba hajauliza swali la kijijini. Anashika hoja ya askofu wake wa zamani, na wakwe zake watarajiwa ni watoto wa upande wa pili wa meza ile.

Hilo la mama mdogo ni zito pia. Tunaamini Mungu alituchagua katika Kristo kabla ya kuwekwa misingi ya ulimwengu, kama Waefeso 1:4 inavyosema. Huku pwani watu wakisikia hivyo wanadhani ni majaliwa, kwamba kimeandikwa basi ukae. Ungamo letu la Westminster, lililoandikwa London miaka ya 1640, linakana jambo hilo hapohapo linapotaja kuchaguliwa: linasema Mungu si mwanzilishi wa dhambi, wala hailazimishi nia ya kiumbe. Fundisho la kuchaguliwa lipo kumzuia muumini asijisifu. Mtu aliyeokolewa asiseme ni kwa akili yake au kwa ukoo wake. Mama yangu alikufa akilishikilia fundisho hili, na hakuacha kusali hata siku aliyoshindwa kukaa.

Binti_wa_Ndanda

Mzee wa Ligula, shikamoo. Mimi ni Mkatoliki, nimesoma yote. Kwetu mtoto hana ubatizo bila msimamizi. Hawa nasikia hawana. Watoto wa huyo dada watakuwa wanabatizwa wakubwa kama Wabaptisti? Na Komunio hujaijibu.

Mzee_wa_Ligula

Marahaba binti, umenishika.

Watoto wachanga tunabatiza. Mtoto wa muumini amezaliwa ndani ya agano, kama mtoto wa Ibrahimu alivyotiwa alama ya agano akiwa wa siku 8. Wanaoapa ni baba na mama wenyewe, si msimamizi, na ushirika mzima unasimama kuahidi kuwasaidia kumlea. Ndiyo maana sesheni inauliza kwanza kama mzazi ni mshirika. Akikua, mtoto anapitia mafundisho, anaikiri imani kwa kinywa chake, na hapo anapokelewa kuwa mshirika kamili. Ndilo neno la kwenye barua.

Mzee katekista atapenda kujua kwamba katekisimu yetu fupi ina maswali 107, na la kwanza linauliza kusudi kuu la mwanadamu ni nini. Jibu: kumtukuza Mungu na kumfurahia milele. Waliofundishwa vizuri wanalijibu usingizini. Amjaribu kijana.

Sakramenti ni mbili tu, Ubatizo na Meza ya Bwana. Tunasema meza, hatusemi altare, kwa sababu tunaamini sadaka ilitolewa mara moja tu msalabani. Parishi nyingi watu hawatoki kupiga magoti mbele. Wazee wanapitisha mkate na kikombe kwenye viti. Wageni kutoka Masasi wanaona kama tunafanya kwa wepesi. La hasha. Uskoti ya zamani, kabla ya siku ya Meza, wazee walipita nyumba kwa nyumba kuangalia nani ana ugomvi na nani, na asiyepewa kibali hakukaribia. Kristo tunaamini yupo kweli, tunamla kwa imani, kwa Roho. Hatusemi ni kumbukumbu tupu.

DadaMkubwa_Mkuti

Shikamoo mzee wangu. Nimemsomea baba leo baada ya chai, bila kuruka. Nilipofika kwa Weston akaninyamazisha, akaniambia nirudie. Kumbe jina hilo analijua tangu mafundisho ya ukatekista, ila habari ya Kikuyu hakuwahi kuisikia kwa upande wenu.

Ana maswali mawili. La kwanza nanukuu: "Mchungaji wao akiharibu, nani anamwita, kama wazee wanakaa chini ya uenyekiti wake huyohuyo?" La pili, binti yetu akifunga ndoa kwao, atalazimika kuacha Anglikana?

Mama mdogo anauliza kama mahari nayo inapangwa na sesheni.

Mzee_wa_Ligula

Mwambie baba amegusa mahali penyewe. Sesheni haimhukumu mchungaji wake. Mchungaji ni mjumbe wa presbiteri, na presbiteri ndiyo inayomwita, inasikiliza pande zote, inaweza kumsimamisha. Asiporidhika anakata rufaa Mkutano Mkuu. Mzee wa kawaida naye ana njia ya kupeleka malalamiko huko. Kuna nyakati mabaraza haya huchelewa na watu wakaumia. Nimeliona hilo, na bado napendelea haki ichelewe mikononi mwa wengi kuliko iwahi mikononi mwa mmoja. Hapo mimi na baba tutatofautiana, na nikija Masasi nitafurahi kumsikiliza.

Binti halazimiki kuhama ili afunge ndoa. Kitu cha kuandaa ni cheti cha ubatizo, cheti cha kipaimara na barua ya padri wenu. Matangazo ya ndoa yasomwe makanisa yote mawili. Kuhusu kupokea kwenye Meza yetu, mshirika wa kanisa jingine la Kikristo anakaribishwa. Kama Anglikana wa Masasi wanampa ruhusa hiyo, hilo aulizwe padri wake, nisije nikamsemea.

Akiwa mama wa nyumba huko watamkaribisha kwenye Gildi, chama cha wanawake wa kanisa. Asikimbilie kile kitambaa cha kichwani. Kinatolewa baada ya mafundisho, na mwanamke anayekivaa anakuwa ameweka ahadi. Na asidhani wanawake kwetu wanaishia kwenye Gildi. PCEA ilimweka wakfu Nyambura Njoroge kuwa mchungaji wake wa kwanza mwanamke mwaka 1982.

Mahari si kazi ya sesheni. Kama ni Wakikuyu watakuja na mambo ya ruracio, yaani mahari ya Kikikuyu, mbuzi na mazungumzo marefu. Hiyo ni mila, mtajadiliana kama wazazi kwa wazazi, na mshenga wenu awe mtu mwenye subira. Ila wakija, kati yao atakuwepo mzee wa wilaya ya kijana. Baba amwombe akae karibu naye. Huyo ndiye wa kuulizwa habari za kijana, kwa sababu aliapa kumchunga.

DadaMkubwa_Mkuti

Asante sana mzee wetu, na wengine wote. Baba ameagiza barua ya kijana ijibiwe. Ameniambia juu niandike "Kwa Karani wa Sesheni", nakala kwa padri wetu.