Tupeane uzoefu: kupanda na kushuka treni kwenye vituo vya Japani visivyo na mhudumu

Mwanzisha uzi
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wanaotumia, au wanaojiandaa kutumia, reli ndogo za mashambani Japani, zile ambazo kituo ni jukwaa, kibanda chenye benchi na ubao wa ratiba, basi. Hakuna geti wala mkatisha tiketi. Kazi zote za kituo zimehamia ndani ya treni kwa dereva, na hapo ndipo wageni wengi hukwama. Naanza, mtajazia.

Treni hizi huitwa wanman, maana dereva yuko peke yake, hana kondakta. Ikiwa na mabehewa mawili, kwenye kituo kisicho na mhudumu kwa kawaida hufunguka milango ya behewa la mbele tu. Panda kwa mlango wa nyuma wa behewa hilo, shuka kwa wa mbele, alipo dereva. Ukiingia tu, kuna kisanduku kinachotoa kikaratasi chenye namba, seiriken (整理券). Kichukue. Namba hiyo inaonyesha umepandia wapi. Juu, nyuma ya dereva, kuna ubao wa nauli: tafuta namba yako, kiasi kilicho chini yake ndicho unachodaiwa, nacho hupanda kadiri treni inavyokwenda. Ukishuka bila kikaratasi unaweza kudaiwa nauli ya tangu treni ilipoanzia.

Chenji Kamili
Naongezea la pesa, maana ndilo linalochelewesha treni nzima. Sanduku la nauli kwa dereva kwa kawaida halirudishi chenji. Ukidaiwa yeni 330 ukatumbukiza 500, 170 imekwenda. Pembeni ya sanduku hilo kuna tundu la kuvunjia sarafu na noti ya yeni 1,000. Noti za 5,000 na 10,000 hazipokelewi, na mashine za zamani zinaweza kukataa noti mpya zilizotoka Julai 2024. Vunja pesa mapema, treni ikiwa imesimama kituo cha kati, usingoje kituo chako. Kisha tumbukiza nauli na kikaratasi pamoja, dereva aone vyote viwili.

Dada wa Ratiba
Na kadi za nauli za kielektroniki je? Mtu aliyeingia getini mjini kwa kadi ya Suica akashukia kituo kisicho na mashine ya kadi anafanyaje?

Chenji Kamili
Dada, hapo analipa taslimu. Dereva humpa karatasi ya uthibitisho, lakini kadi inabaki na safari isiyofungwa, kwa hiyo geti litakalofuata litaikataa. Aipeleke pamoja na ile karatasi kwa mhudumu wa kituo kinachotumia kadi, aifunge. Pia huwezi kuingilia eneo la Suica ukatokea eneo la ICOCA, kadi ya magharibi mwa Japani, kwa safari moja, hata kama pande zote mbili zina mashine. Kama unajua unakwenda mashambani, nunua tiketi ya karatasi tangu mwanzo. Mwenye Seishun 18, tiketi ya siku kadhaa mfululizo, anaionyesha kwa dereva tu, ila akumbuke ni ya treni za JR, kundi la kampuni kubwa za reli. Kampuni nyingi ndogo haziipokei. Na tangu mwishoni mwa 2024 siku zake, 3 au 5, lazima zifuatane.

Dada wa Ratiba
Asante sana. Basi nami nitoe la ratiba. Saa zao ni 24, na sisi tunaohesabu kwa saa za Kiswahili tunaweza kuteleza: 13:05 ni saa saba na dakika tano mchana, 17:00 ni saa kumi na moja jioni. Angalia pia safu: 平日 ni siku za kazi, 土休日 ni Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Kosa hapa ni ghali. Kwenye reli ya Tadami, kipande cha Aizu-Kawaguchi hadi Tadami kilichoharibiwa na mafuriko ya Julai 2011 na kufunguliwa tena Oktoba 1, 2022, kina treni tatu tu kwa siku kila upande. Kabla ya kushuka, jua ya kurudi ni saa ngapi.

Mnazi wa Reli
Wanaokwenda Shimonada kule Ehime, kituo kinachotazama bahari: reli ya Yosan hugawanyika Mukaibara. Treni za kasi za kila siku hupita njia ya ndani, kupitia Uchiko (内子), hazifiki Shimonada. Panda ya kawaida inayopitia Iyo-Nagahama (長浜).

Sehemu za baridi mlango haujifungui. Bonyeza kitufe, na ukishaingia bonyeza cha kufunga ili joto lisitoke.



Ngazi 486
Kituo cha Doai, mkoa wa Gunma. Jukwaa la treni za kuelekea Nagaoka liko ndani ya handaki, la kurudi Minakami liko juu. Kutoka handakini ni ngazi 462, kisha 24 nyingine hadi mlango wa kituo. Hakuna lifti. Tenga dakika 10 kwa mwendo wa kawaida, zaidi ukiwa na begi, na vaa viatu visivyoteleza kwa sababu kule chini kuna unyevu. Hata Agosti chukua sweta.