Treidi ya Dame kwenda Milwaukee: ililipa au Bucks walipigwa?

Mtoto wa Keko

Wakuu habari za jioni. Naombeni mnisaidie kumaliza ubishi maana kazini sasa hivi kuna watu wawili hawapeani hata chaja. Mmoja ni shabiki wa Bucks, timu ya kikapu ya Milwaukee kwenye NBA ya Marekani, tangu ule ubingwa wa 2021, yeye anasema kumchukua Damian Lillard (Dame) ndo kosa kubwa timu ile imewahi kufanya. Mwenzie anasema dili lilikuwa sahihi kabisa ila wamekula bahati mbaya, na bahati mbaya huwezi kumlaumu nayo mtu.

Kwa ambao hamfuatilii sana, Septemba 2023 Bucks walimtoa Jrue Holiday pamoja na Grayson Allen, chaguo lao la kwanza la drafti (zamu za timu kuchagua vijana wapya) ya 2029 na haki ya kubadilishana zamu 2028 na 2030, wakampata Dame kutoka Portland. Phoenix nao waliingia katikati wakamtoa senta wao Ayton akaenda Portland. Halafu Portland hawakumkalisha Jrue hata wiki, wakamsukuma Boston, na Boston msimu huohuo wakabeba ubingwa. Hapo ndo roho za mashabiki wa Bucks zinapouma mpaka leo.

Swali langu mimi ni hili, pointi gadi (mwongoza mashambulizi, kama Dame na Jrue) akibadilishwa tunapima kwa kitu gani? Kombe tu? Takwimu zake? Au tunaangalia na yule uliyemtoa kaenda kufanya nini huko? Maana Dame namba zake zilikuwa nzuri tu, pointi 24 na ushee kwa mechi misimu yote miwili na asisti saba, sasa mtu wa hivyo utasema amefeli?

BudaWaNai

Hii si hata swali bana. Walipigwa mchana kweupe.

Angalia kitu moja tu. Misimu miwili, mara mbili wametolewa raundi ya kwanza ya mtoano, na mara zote ni Indiana wale wale. 2024 walipigwa 4-2, 2025 wakapigwa 4-1. Jrue amefika Boston amevaa pete hapo hapo, Boston wameshinda mechi 64 msimu wa kawaida wakamaliza Dallas 4-1 kwenye fainali. Sasa mnataka hesabu gani ingine?

Na msiniambie ooh Bucks hawakumpeleka Jrue Boston, walimpeleka Portland. Kila mtu alijua Portland wanajenga timu ya vijana, hawana kazi na jamaa wa miaka 33. Ukiuza panga yako sokoni usishangae jirani akilinunua. Wao ndio walimpa mpinzani wao wa kanda ya Mashariki mkabaji bora wa ligi, kisha wakakaa wakishangaa mbona Boston hawafungiki.

Halafu mwisho wa story ni mbaya zaidi. Julai 2025 wakamkata Dame, yaani wakavunja mkataba wake, akiwa mgonjwa, hela yake iliyobaki kama dola milioni 113 wakaigawa miaka mitano, ni kama milioni 22 na nusu kila mwaka wanalipa mtu ambaye anachezea timu ingine. Ati treidi ililipa? Ililipa nani?

binti_ringi

BudaWaNai kaka punguza munkari kidogo, unasoma matokeo kwa nyuma halafu unajifanya uliyaona mbele.

Rudi 2023 kabla hujamhukumu mtu. Bucks walikuwa wameshinda mechi 58, namba moja ligi nzima, wakaenda kufungwa 4-1 na Miami waliokuwa wanashika nafasi ya nane. Jimmy Butler wa Miami aliwapiga pointi 56 mechi ya nne na Jrue huyohuyo mnayemlilia alikuwa uwanjani. Dakika za mwisho zikifika, mpira ukipungua kasi, Bucks hawakuwa na mtu wa kujitengenezea mpira wa kufunga zaidi ya nyota wao Giannis kuingia kichwa kichwa kwenye ukuta wa watu watatu. Tatizo lilikuwa pale na kila mtu alikuwa analisema. Dame ndo dawa ya tatizo lile, hakuna pointi gadi sokoni wakati ule aliyekuwa anafunga dakika za mwisho kama yeye. Na kwa umri hawajatofautiana, wote ni wa 1990, wamepishana mwezi mmoja tu.

Na kuna kitu mnakisahau makusudi. Giannis alishasema hadharani kwamba hasaini mkataba mpya mpaka aone timu ina nia ya ubingwa. Treidi ikafanyika mwisho wa Septemba, Oktoba akasaini miaka mitatu kwa dola milioni 186. Hiyo nayo iwekeni kwenye mzani, msipime upande mmoja.

Sasa njoo kwenye hayo matokeo. Mtoano wa 2024 Giannis hakucheza hata mechi moja, msuli wa mguu. Dame mwenyewe akakosa mechi mbili humohumo. 2025 Dame katoka kutibiwa damu iliyoganda mguuni, wengi tukajua msimu wake umeisha, akarudi mechi ya pili, akacheza ya tatu wakashinda, ya nne robo ya kwanza tu anafuata mpira hajaguswa na mtu, kano ya kisigino ikakatika. Jumlisha mwenyewe. Misimu miwili, Giannis na Dame wamecheza pamoja mechi za mtoano mbili na kipande. Mbili na kipande! Hicho kitu ulikionja lini mpaka ukasema ni kibaya?

Mtoto wa Keko

Aisee hiyo ya mechi mbili na kipande sikuwahi kuifikiria. Nitampelekea jamaa kesho.

kocha wa vumbi

Binti ringi umeongea vizuri ila na mimi niongeze kitu kwa jicho la uwanjani maana nafundisha vijana na hii mada huwa tunaijadili sana tukimaliza mazoezi.

Majeraha yapo, sawa. Lakini hata walipokuwa wazima wote wawili kulikuwa na shimo, na shimo lilionekana tangu mwezi wa kwanza. Timu ya Bucks ya kina Jrue ilijengwa hivi, senta Brook Lopez anabaki chini karibu na ringi, hatoki, analinda goli. Mfumo huo unafanya kazi kama mtu wa mbele anaweza kupita kwenye skrini (mpinzani anayesimama kumzibia njia) bila kuachwa, anamfuata mpiga mpira mgongoni, anamsumbua mkono, mpaka mpiga mpira anajikuta yuko katikati ya watu wawili hana pa kwenda. Jrue hiyo kazi alikuwa anaifanya usiku kucha. Dame akigongwa na skrini anabaki palepale, anarudi hatua mbili amechelewa, Lopez yuko chini, na hapo katikati pana uwanja mzima mtu anajipimia anavyotaka. Haliburton wa Indiana aliwatafuna kwenye nafasi hiyohiyo.

Kocha Adrian Griffin alijaribu kumtoa Lopez juu, wachezaji wenyewe wakagoma, wakarudi mfumo wa zamani, na Januari 2024 wakamfukuza akiwa ameshinda mechi 30 na kupoteza 13! Fikiria kocha anafukuzwa na rekodi hiyo. Ukabaji wao uliporomoka mpaka nusu ya chini ya ligi, na Doc Rivers alipoingia bado mambo yakawa ya kuungaunga.

Kwa hiyo mimi nikipima pointi gadi siangalii pointi zake 24. Naangalia wale wanne waliobaki, je kazi zao zimekuwa nyepesi au nzito? Mashambulizi kazi ya Giannis ilikuwa nyepesi kiasi fulani, nakubali, japo hata ile pick and roll (mmoja anaziba njia kisha anakimbilia ringi kupokea pasi) yao wawili ambayo dunia nzima iliisubiri haikuwahi kuwa chakula cha kila siku. Ulinzi kazi ya Lopez ilikuwa mara mbili na yeye mzee. Nikiweka pamoja naona wamebadilisha tatizo moja kwa lingine, na katikati wametoa drafti.

Kumbukeni fainali ya 2021 mechi ya tano pale Phoenix. Bucks wanaongoza kwa pointi moja, sekunde kumi na kitu, Booker wa Phoenix anageuka ndani apige, Jrue kampokonya mpira mikononi kama anamnyang'anya mtoto pipi, na badala ya kusimama asubiri kuchezewa faulo anakimbia nao, anamwona Giannis anakuja kulia anamnyanyulia, Giannis anaudunda juu kwa juu huku Chris Paul anamsukuma. Mtu aliyefanya hivyo ndo aliyetolewa.

Mzee Spidi

Wanangu mnabishana vizuri, ngoja na sisi wazee tuingie.

Milwaukee ni timu ambayo makombe yake yote mawili yameletwa na pointi gadi wa kununua, angalieni wenyewe. 1970 walimchukua Oscar Robertson kutoka Cincinnati, walitoa Flynn Robinson na Charlie Paulk, wangapi hapa mnawajua hao? Alimkuta Kareem akiwa bado kijana anaitwa Lew Alcindor, mwaka uliofuata wakashinda mechi 66 na fainali wakaifagia Baltimore 4-0. Ikapita miaka hamsini kavu. 2020 wakamnunua Jrue kutoka New Orleans, na safari hiyo walitoa Bledsoe, George Hill, chaguo tatu za kwanza na haki za kubadilishana zamu mbili. Nakumbuka watu walicheka, kwamba bei hiyo ni ya wazimu kwa mchezaji aliyeingia All-Star (mechi ya nyota wa ligi) mara moja tu. Miezi minane baadaye kombe. Kuna mtu leo analilia zile drafti? Hakuna. Kwa hiyo walipofika 2023 wakacheza kamari ileile mara ya tatu mimi sikuwashangaa, mkono ulishazoea kushinda.

Ila tofauti ipo. Oscar na Jrue waliletwa kuziba pengo la timu inayokua. Dame aliletwa kwenye timu iliyoanza kuzeeka, Lopez ana 35, Middleton magoti yameisha, benchi limebaki mifupa. Ukinunua bei kubwa wakati huo unahitaji kila kitu kiende sawa mwaka huohuo, hakuna mwaka wa pili wa kujirekebisha.

Na mkitaka kujua nani alilipwa msiangalie Boston peke yake. Boston walipata pete, kisha mkataba wa Jrue ukawalemea, Julai 2025 wakamrudisha Portland wakachukua Anfernee Simons. Angalieni Portland. Kwenye dili lile walipewa kijana Toumani Camara kama nyongeza tu, chaguo la 52 la drafti, hata hajacheza mechi moja ya NBA, na 2025 akaingia kikosi cha pili cha wakabaji bora wa ligi. Jrue walimgeuza wakapata Brogdon, Robert Williams na drafti, halafu Brogdon na sehemu ya drafti hizo wakazigeuza Deni Avdija. Na kiangazi hicho cha 2025 Dame mwenyewe akarudi nyumbani kwa dola milioni 42 miaka mitatu huku Milwaukee ndo bado wanamlipa ile kubwa. Yaani wamemuuza, wamepata timu, na wamerudishiwa mtu wao. Biashara za namna hii mimi nimeziona chache sana.

BudaWaNai

Mzee Spidi heshima kwako. Sasa binti_ringi ukisoma hiyo bado unasema ilikuwa sawa?

binti_ringi

Nasema uamuzi ulikuwa sawa na matokeo yalikuwa mabaya, ni vitu viwili tofauti. Mzee Spidi shikamoo, hoja ya uzee wa timu naikubali na ndo hoja nzito kuliko zote hapa, lakini hiyo ndo ilikuwa inawalazimisha waende kununua. Wangembakiza Jrue wangekuwa na timu ileile iliyofungwa na Miami, imezeeka mwaka mmoja zaidi, na Giannis hajasaini. Nani kati yenu alikuwa tayari kuishi na hilo?

Kombe walibeba pia, lile la NBA Cup la katikati ya msimu, Desemba 2024, waliifunga OKC (Oklahoma City) 97-81 na OKC hao ndo walikuja kuwa mabingwa. Najua mtacheka kwamba ni kombe la Krismasi ila siku ile mliona timu inavyotakiwa kuwa wakiwa wazima.

Ninachowalaumu mimi sio kumchukua Dame, ni namna walivyomaliza. Kumkata mtu na kuibeba hela yake miaka mitano ili upate nafasi ya kumsaini senta Myles Turner, hapo ndo walipoongeza deni juu ya deni.

kocha wa vumbi

Hapo kwenye kumkata tuko pamoja. Lakini hilo la kumkata limetoka wapi kama sio kwenye treidi ileile? Mkataba mnene wa mchezaji mdogo kwa umbo anayekaribia miaka 35 ulikuja pamoja naye, hawakuuokota njiani.

Na jamani ile mechi ya tano na Indiana, Dame ni majeruhi, Bucks wanaongoza kwa pointi saba zimebaki sekunde arobaini za muda wa nyongeza, wakashindwa kuutunza mpira, Haliburton kaenda kuweka leiapu 119-118. Sekunde arobaini mkiwa mbele kwa saba kinachotakiwa ni mtu mmoja mtulivu wa kushika mpira. Jrue au Dame, yeyote kati yao angetosha.

Mtoto wa Keko

Nimeshawatumia wote wawili huu uzi. Yule wa "bahati mbaya" kajibu kwamba drafti ya 2029 bado haijafika kwa hiyo hesabu haijafungwa, na mwenzie kamjibu kwamba ndo maana inatisha.