Ushauri: Natangaza minada ya sarafu za zamani kwa kamisheni, wanaobofya wapo ila malipo ni kiduchu

Mkusanyaji_Tanga

Salaam wakuu,

Nina blogu inayohusu sarafu za zamani za huku kwetu: heller na rupia za Mjerumani, pesa za Zanzibar za Sultani Barghash, senti zenye tundu za Mwingereza. Naandika kwa Kiswahili na Kiingereza. Wasomaji wengi wako Ujerumani, Uingereza na Marekani, na wachache Oman. Nimejiunga na eBay Partner Network, ule mpango wa eBay wa kuwalipa wanaoleta wanunuzi.

Ninavyofanya ni hivi. Nikiona sarafu nzuri imeingia mnadani, naandika makala fupi juu yake, naweka picha ya sarafu kama hiyo kutoka kwenye mkusanyiko wangu, halafu chini naweka linki ya ule mnada. Wanaobofya si haba. Kuna wasomaji wananiandikia kabisa kwamba wameshinda. Lakini nikifungua ripoti, kamisheni iliyoingia hailingani na hao walionishukuru.

Naomba kuelewa kamisheni ya mnada inahesabiwaje. Niachane na minada nihamie kwenye bidhaa za bei ya moja kwa moja? Halafu nina kaka yangu Muscat, mnunuzi mkubwa wa sarafu, anaweza kupitia linki yangu?

Kazi hii naipenda. Historia ya fedha zetu imebaki kwenye makabati ya wakusanyaji wa nje, na kijana wa Tabora anaweza kumaliza shule bila kuambiwa kwamba mji wake uliwahi kufua sarafu za dhahabu. Nataka blogu ijilipie gharama zake niendelee kuandika. Nawasilisha.

---

Nyundo_ya_Tatu

Mkuu, kabla sijasema lolote: hao waliokwambia wameshinda, dau waliweka siku ileile waliyobofya linki yako, au siku mnada unafungwa?

---

Mkusanyaji_Tanga

Siku ya kufungwa, tena sekunde za mwisho. Wakusanyaji karibu wote wako hivyo, hawataki kuonyesha nia mapema bei ikapanda.

---

Nyundo_ya_Tatu

Basi jibu lako liko hapo hapo.

Kwa bidhaa ya bei ya moja kwa moja, mtu akibofya linki yako una saa 24. Akinunua ndani ya muda huo, kamisheni ni yako. Kwa mnada kuna masharti mawili: lazima aweke dau ndani ya saa 24 tangu abofye, na lazima ashinde ndani ya siku 10. Dau likiwekwa nje ya saa 24, hata akishinda, wewe humo.

Sasa tazama makala zako. Minada mingi ya eBay hukaa siku 7. Wewe unaandika Jumatatu sarafu ikiwa imetoka kuwekwa, msomaji anabofya, anaiweka kwenye orodha yake ya kufuatilia, anafunga simu. Jumapili usiku anaingia moja kwa moja kwenye programu ya eBay, anaweka dau, anashinda. Uliyemleta ni wewe, lakini saa zako 24 ziliisha Jumanne.

Kwa hiyo usiache minada. Badili siku ya kuitangaza. Makala ya historia iandike wakati wowote, ila tangazo la mnada wenyewe litoke siku unapofungwa. Fungua chaneli ya Telegram au orodha ya barua pepe, uiite hata "Inafungwa leo", na njia hiyo uitaje kwenye akaunti yako ya ushirika (ile ya eBay Partner Network) ili ijulikane wabofyaji wanatoka wapi. Msomaji atakayebofya asubuhi ya siku hiyo na kuweka dau sekunde za mwisho, huyo yumo ndani ya saa 24 bila kubadili tabia yake.

Zingatia na saa. Wauzaji wengi wanapenda mnada ufungwe Jumapili jioni kwa saa za kwao, watu wakiwa nyumbani. Jumapili saa mbili usiku ya Ujerumani ni saa nne usiku kwetu wakati wa baridi yao, na saa tatu usiku wakati wa kiangazi. Muuzaji wa California anayefunga saa moja jioni wakati wa kiangazi, huku ni Jumatatu saa kumi na moja alfajiri. Ukitangaza Jumapili mchana wetu, wote hao umewapata.

Kuna watu watakushauri uwahimize wasomaji waweke dau mapema ili kamisheni ikuingilie. Mimi nakataa. Ni kweli eBay inamruhusu mnunuzi kuweka kiwango chake cha juu mapema, na mfumo unampandishia kidogo kidogo kadiri wengine wanavyomzidi. Lakini kama wewe mwenyewe unaamini kwamba kusubiri kunampa bei nzuri, usimshauri kinyume kwa faida yako. Msomaji wa sarafu anakuamini macho yako, na imani hiyo ndiyo inayomleta tena.

---

Mama_Linki

Naongeza kwa Nyundo. Linki ya mnada mmoja hufa. Mnada ukifungwa, anayekuja wiki ya pili anakuta bidhaa imekwisha. Makala yako ya leo itasomwa hata miaka mitatu ijayo, sasa linki ya ndani yake itampeleka wapi huyo msomaji?

Kwenye makala za kudumu weka linki ya matokeo ya utafutaji badala ya bidhaa moja. Mfano "Deutsch-Ostafrika 20 heller 1916". Kila atakayebofya ataona zilizopo siku hiyo. Tena kamisheni haifungwi kwenye kile alichobofya: akitoka hapo akanunua kitu kingine kinachostahili kwenye eBay ndani ya muda, kinahesabika.

Na wasomaji wako wa Ujerumani wapelekee ebay.de. Sarafu za koloni lao wanazitafuta kwao, kwa lugha yao. Ukiwatupa ebay.com wanakutana na gharama za posta na ushuru, wanarudi walikotoka.

Kila makala ipe kampeni yake (namba ya kutofautisha linki) kwenye akaunti ili ujue ipi inaleta mnunuzi na ipi inaleta wapita njia.

---

Jamaa_wa_Kisumu

Habari zenu. Swali la hesabu ndugu: unatangaza sarafu za bei gani? Kwa soko la Marekani viwango vimekuwa kati ya asilimia 1 na 4 kulingana na kundi la bidhaa. Chukua asilimia 3: senti kumi ya mwaka 1936 yenye jina la Edward VIII ikienda kwa dola 5, wewe unabaki na senti 15 za dola. Sarafu ya dola 200 inakupa dola 6. Zamani mgao ulitoka kwenye ada ambayo eBay inamtoza muuzaji, siku hizi unatoka kwenye bei ya kuuzia, ni rahisi kukokotoa mwenyewe.

Kwa hiyo makala ya senti za Edward VIII iandike kwa ajili ya wasomaji, maana hadithi ni tamu: mfalme aliyejiuzulu kabla ya kuvikwa taji, na huku sarafu zenye jina lake zikawa nyingi kwa sababu zina tundu katikati na hazikuhitaji sura yake. Lakini usitegemee zikulipie tovuti.

Malipo je? Huku Kenya tunatoa hela ya PayPal kwenda M-Pesa tangu 2018. Ninyi wa Tanzania angalia kwanza njia ipi inakukubali kupokea, usije ukakusanya ukakwama. Na usisahau kodi. Huku sheria ya fedha ya 2023 imetaja kabisa mapato ya linki za ushirika kwenye kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mkazi.

---

FastCash_255

Mkuu mbona mnajitesa. Kuna msimbo mfupi wa programu unapachika kwenye blogu, mtu akifungua ukurasa tu kuki ya eBay (kile kifaili cha kuonyesha nani amemleta) inaingia kwenye simu yake bila kubofya chochote. Akinunua popote ndani ya saa 24, chako. Saa 24 zinaanza upya kila anapokusoma. Njoo PM (ujumbe wa faragha).

---

Nyundo_ya_Tatu

Mkusanyaji, usiende PM.

Hicho anachokisema kimefungisha watu. Shawn Hogan na Brian Dunning walikuwa washirika wawili waliokuwa wakilipwa zaidi na eBay, mamilioni ya dola, na njia ilikuwa hiyo hiyo ya kupachika kuki kwa siri. eBay iliwashtaki mwaka 2008, kisha serikali ya Marekani ikawafungulia kesi ya jinai ya ulaghai. Wote walikiri kosa. Mwaka 2014 Hogan alihukumiwa miezi 5 jela, Dunning miezi 15. Hao walikuwa na mawakili. Wewe utapoteza akaunti na kamisheni yote iliyomo siku watakapoona wabofyaji wasiobofya.

Zaidi ya sheria, kamisheni hiyo unakuwa umemnyang'anya mshirika mwingine aliyemshawishi mnunuzi kwa jasho lake. Anayeandika vizuri kuhusu heller za Tabora ndiye wa kwanza kuibiwa kwa mchezo huu.

---

Bint_Malindi_Muscat

Assalaam alaykum ndugu yangu wa Tanga. Mimi Mzanzibari niko Muscat, nakusanya pysa, zile pesa za shaba za Barghash zenye picha ya mizani, za mwaka 1299 wa Hijria. Kuhusu kaka yako: akiwa ni mnunuzi wa kweli anayesoma blogu yako kama wengine, hana tofauti na msomaji. Lakini wewe kununua kwa linki yako mwenyewe ni marufuku, na mkikubaliana akununulie wewe, au akurudishie chochote, ni hilo hilo. Mimi ningemwambia aende zake moja kwa moja. Riyali chache za kamisheni hazifai kukutilia shaka kwenye akaunti.

Nililotaka kusema hasa ni hili. Sisi wanunuzi hatuhitaji mtu wa kutuonyesha linki, eBay tunaijua. Tunahitaji mtu wa kutuambia ipi ni ya kweli. Ile rupia 15 ya dhahabu ya Tabora ya 1916, ya tembo na Kilimanjaro nyuma yake, inakwenda kwa maelfu ya dola na za bandia ni nyingi. Reale ya Maria Theresa nayo, imeandikwa 1780 na imeendelea kufuliwa kwa mwaka huo huo mpaka zama zetu, na bado utaona muuzaji anaiita ya karne ya kumi na nane. Ukiandika jinsi ya kutazama ukingo, uzito, alama ya kiwanda, T ya Tabora, A ya Berlin na J ya Hamburg, mimi nitakusoma kila wiki na nitabofya kwako.

Na mnada wenye shaka usiutangaze hata kama bei yake inakupa kamisheni kubwa. Mtu akipata sarafu feki kupitia kwako, umempoteza yeye na wenzake wote, maana wakusanyaji tunajuana.

---

Mama_Linki

Dada Bint Malindi amemaliza. Mwaka 2007 na 2008 palikuwa na programu za kutengeneza maduka ya mtandaoni yanayojivutia yenyewe minada ya eBay, huandiki neno. Watu walifungua mamia ya tovuti za namna hiyo. Google ilipokuja kubana kurasa zisizo na maandishi ya maana, hasa kuanzia Februari 2011, nyingi zilifutika kwenye matokeo. Waliobaki ni wenye ujuzi wa kitu fulani.

Mkusanyaji, hujasema kama umeweka tangazo la wazi kwamba unalipwa. Marekani tume ya biashara, FTC, inataka mshirika aseme waziwazi, karibu na linki, si kwenye ukurasa wa mbali. Ujerumani linki ya kulipwa inatambulishwa kwa neno "Anzeige" au "Werbung". Kwa Kiswahili andika tu: "Ukinunua kupitia linki hii, blogu inapata kamisheni, wewe bei haikuongezekei."

---

Mkusanyaji_Tanga

Wakuu, nawashukuru kutoka moyoni. Kumbe ripoti ilikuwa sahihi, na saa ndizo zilizokuwa zinanipita. Kaka nitamwambia anunue bila linki yangu.

Nimeanza na haya: linki za minada iliyokwisha nazibadilisha kuwa za utafutaji, za Kijerumani naelekeza ebay.de, na juu ya kila makala nimeweka sentensi ya kamisheni. Jumapili nitaanza kutuma "Inafungwa leo". Makala inayofuata itakuwa ya alama za viwanda vya sarafu, kama dada alivyosema, nikianza na karakana ya reli ya Tabora walikofulia ile dhahabu ya mgodi wa Sekenke.

Swali dogo la mwisho. Sarafu zilizopimwa na kufungwa kwenye vibao vya plastiki na NGC au PCGS, kampuni za kuhakiki sarafu, nizipe nafasi ya kwanza kwenye orodha ya Jumapili?

---

Bint_Malindi_Muscat

Za dhahabu na za bei kubwa, ndiyo, na namba ya cheti uihakiki kwenye tovuti yao kabla hujaitangaza, kwa sababu hata vibao vinaghushiwa. Za shaba na za nikeli usijali kibao, sisi tunapenda kuzishika. Ukiona pysa ya mizani ya mwaka 1304 inafungwa Jumapili, nitumie mapema ndugu yangu.