Namba hasi Kidato cha Kwanza: nifundisheje darasa la wanafunzi 84 wasiishie kukariri?

Mwl. Tumaini

Ndugu walimu wenzangu, habari za kazi. Ninafundisha Hisabati Kidato cha Kwanza katika shule ya kata, na mkondo mmoja una wanafunzi 84. Kipindi ni cha dakika 40, lakini ukiondoa muda wa kuingia, kutulia na kufuta ubao, inabaki nusu saa. Naomba ushauri juu ya mada ya namba kamili, hususan kujumlisha na kutoa namba hasi.

Juma lililopita nilisahihisha zoezi lenye swali hili: −2 − 5. Zaidi ya nusu ya darasa waliandika 7. Nilimwita mmoja wao mezani, mtoto makini ambaye madaftari yake yote yamefunikwa kwa gazeti, nikamuuliza jibu hilo amelipataje. Akanijibu bila kusita, "Mwalimu, ulisema hasi na hasi ni chanya." Kwa kweli nilikuwa nimesema hivyo, tena nilikuwa nimewaimbisha darasa zima. Mtoto huyo huyo, kwenye −7 + 3, aliandika −10.

Nimeona kwamba kosa si la watoto. Nimewapa wimbo badala ya maana, na sasa wanauimba hata pasipohusika. Sina projekta, na umeme wetu ni wa kubahatisha. Nilicho nacho ni ubao, chaki na uwanja. Ningependa shughuli itakayowafanya waone kinachotokea, lakini isiyogeuza darasa kuwa soko.

Mzee wa Chaki

Binti yangu Tumaini, hongera kwa kumwita mtoto na kumuuliza badala ya kumwekea kosa tu. Nimestaafu sasa, ila kwa miaka mingi nilifundisha mada hiyo kwa vizibo vya soda, na sikuhitaji senti moja.

Kizibo kikitazama juu ni chanya moja, kikilala kifudifudi ni hasi moja. Kimoja cha juu na kimoja cha kifudifudi vikikutana vinamalizana, ni sifuri. Hiyo ndiyo kanuni pekee ambayo mwanafunzi anapaswa kuikubali, na hakuna anayeikataa. Kwenye −7 + 3 anapanga saba kifudifudi na vitatu vya kutazama juu, anaondoa jozi tatu, anabaki na vinne kifudifudi. Jibu ni −4, na amelishika mkononi.

Utamu uko kwenye kutoa. Mpe 2 − (−3). Ana vizibo viwili vya kutazama juu, na wewe unamtaka aondoe vitatu vya kifudifudi ambavyo hana. Hapo nyamaza. Waache wahangaike dakika mbili, kwa sababu ndizo dakika zenye thamani kuliko zote katika kipindi hicho. Atatokea mmoja, mara nyingi si yule unayemdhania, atakayesema kwamba inaruhusiwa kuongeza jozi za sifuri kwa kuwa sifuri haibadilishi kitu. Wataongeza jozi tatu, wataondoa vile vitatu vya kifudifudi, na mezani vitabaki vitano vikitazama juu. Usiwaambie kanuni kabla ya hapo.

Mwl. Ratiba

Sipingi vizibo, Mzee wangu, lakini lazima mtu aseme neno kuhusu muda. Mada ni nyingi, na kwenye chumba cha mtihani hakuna vizibo. Nimewahi kuona walimu wakitumia vipindi vitatu katika michezo, kisha mada za mwisho wa mwaka zikafundishwa kwa kukimbizana.

Mimi hutumia njia ya bei nafuu zaidi: jibu lisilo sahihi. Naandika ubaoni kazi ya "mwanafunzi asiyejulikana", ambaye kwa kawaida ni mimi mwenyewe, nikipitisha kosa katikati ya hatua, na kila dawati linatafuta kosa na kueleza sababu yake kwa sentensi moja. Wanafunzi wanapenda kusahihisha kuliko kusahihishwa. Kwa mifano, someni uchambuzi wa majibu ya watahiniwa ambao Baraza la Mitihani la Tanzania huuweka kwenye tovuti yake. Humo mna picha za majibu halisi yaliyokosewa, pamoja na maelezo ya mahali watahiniwa walipoteleza. Walimu wengi huyapitia maswali ya mitihani iliyopita na kuuacha uchambuzi huo, na sijui kwa nini.

Mwalimu wa Ziwani

Salaam kutoka Kigoma. Mimi naona tatizo linaanzia kwenye mifano ya vitabu, ambayo mara nyingi inazungumzia baridi ya chini ya sifuri. Mwanafunzi wangu hajawahi kuona maji yakiganda nje ya friji. Ziwa Tanganyika analiona kila siku.

Uso wa ziwa uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na kina chake kikubwa kabisa ni takriban mita 1,470. Swali ninalowapa ni hili: je, sakafu ya ziwa iko juu au chini ya usawa wa bahari? Darasa linagawanyika, na wengi wanakataa kabisa kwamba sehemu yoyote ya Kigoma, mbali na pwani namna hii, inaweza kuwa chini ya bahari. Kisha tunachora mstari wa namba uliosimama, tukiandika 0 mahali pa bahari, na tunahesabu pamoja: 770 − 1,470 = −700.

Swali la pili ndilo linalokujibu wewe, dada Tumaini. Kilele cha Kibo kiko mita 5,895. Kutoka sakafu ya ziwa hadi Kibo ni kimo gani? Wanaokimbilia kutoa huandika 5,195, lakini mchoro unawakatalia, maana umbali huo ni mfupi kuliko kutoka baharini tu hadi Kibo. Wanajumlisha 5,895 na 700, wanapata 6,595, halafu naandika chini yake 5,895 − (−700). Wanaona kwamba kutoa hasi kumezaa kujumlisha kwa sababu sifuri iko katikati ya njia, na wala hakuna wimbo.

Kocha wa Jioni

Kwa wale tusio na ziwa, kuna jedwali la ligi. Hata wasiocheza mpira wanajua maana ya tofauti ya magoli. Timu yenye −4 ikishinda 3–0, inafika −1. Hapo hakuna ubishi. Sasa chukua timu hiyo hiyo yenye −4, useme kwamba ilikuwa imefungwa 3–0 katika mechi ambayo baadaye matokeo yake yamefutwa. Unaondoa −3 kwenye hesabu yake: −4 − (−3), inafika −1. Kushinda tatu na kufutiwa kipigo cha tatu kumeifikisha mahali pale pale. Nilipotumia timu za madarasa yetu badala ya zile kubwa mbili, kelele zilipungua sana.

Bi. Mizani

Naomba kuongeza jambo la lugha, kwa sababu naona sote tunalizunguka.

Kiswahili kina maneno mawili. *Toa* ni tendo. *Hasi* ni hali ya namba. Mtoto anatoka Darasa la Saba akiwa nayo yote mawili. Akifika kwetu, Kiingereza cha darasani kinampa neno moja, mainasi, kwa mambo yote mawili, na kwenye −2 − 5 anasikia mainasi mbili. Ni haki yake kudhani kwamba zimekutana, hivyo zinageuka chanya. Mimi kwa juma la kwanza la mada hii huwasomesha kila swali kwa Kiswahili kwanza, "hasi mbili, toa tano", kisha kwa Kiingereza. Pia naandika alama ya hasi ikiwa fupi na imepandishwa juu kidogo mbele ya namba, nayo alama ya kutoa naiacha katikati, hadi watakapozoea.

Tusiwacheke watoto kwa hili. Mwaka 1758, Mwingereza Francis Maseres alichapisha kitabu kizima akitaka alama ya mainasi itumike tu kwa kutoa namba ndogo kwenye kubwa. Brahmagupta wa India, zaidi ya miaka elfu moja kabla yake, mwaka 628, alikuwa ameshaandika kanuni za namba hasi kwa lugha ya mali na madeni.

Tena kuna MAGAZIJUTO, neno la kukumbushia mpangilio wa matendo ya hesabu. Tunawafundisha Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa, kisha tunashangaa wanapoandika 10 − 3 + 2 = 5. Wametii neno: JU imetangulia TO. Cha ajabu ni kwamba GA kutangulia ZI hakuleti madhara. 6 × 4 ÷ 2 ni 12 hata ukianza na kugawanya. Kosa liko mwishoni mwa neno tu. Mwanafunzi anayeelewa kwamba kutoa 3 ni kujumlisha hasi 3 ataona 10 + (−3) + 2, na kwa mpangilio wowote atapata 9.

Mwl. Tumaini

Shikamoo Mzee wa Chaki, na ahsanteni nyote. Nimerudi baada ya majuma mawili kutoa taarifa.

Siku ya kwanza iliniharibikia. Niliagiza kila mwanafunzi alete vizibo 10, wakatii, na vizibo vipatavyo 800 juu ya madawati ya mbao vina kelele ambayo sikuitarajia. Mwalimu wa chumba cha pili alikuja mlangoni akasimama tu, hakusema kitu. Kesho yake niligawa vizibo 14 kwa kila kundi la wanafunzi wanne na kuwatandazia kanga na mashuka ya zamani juu ya madawati. Nikawapa −2 − 5, wausome kama alivyosema Bi. Mizani. Walipanga viwili kifudifudi, wakatafuta vitano vya kutazama juu ili wavitoe, hawakuviona, wakaongeza jozi tano. Yule mtoto wa madaftari ya gazeti alihesabu vilivyobaki, vyote saba kifudifudi, akanitazama akasema, "Kumbe hapa hakuna kuzidisha."

Kaka Ratiba, nimekusikia pia. Vizibo nilivitumia vipindi viwili tu, na cha tatu nikawapa kazi ya "mwanafunzi asiyejulikana". Nilipolirudia swali lile, walioandika 7 walikuwa 11. Kati yao, wanne wanakaa dawati moja, kwa hiyo hapo nina uchunguzi mwingine wa kufanya.

Sasa nimekwama mbele zaidi. Tumefika kwenye kuzidisha, na vizibo vinanipa 3 × (−4) vizuri, makundi matatu ya vinne kifudifudi, lakini (−3) × (−4) siwezi kuionyesha. Makundi hasi matatu ni kitu gani?

Mzee wa Chaki

Marahaba, binti yangu. Hapo viweke vizibo mfukoni, uende na wanafunzi kwenye tangi la maji la shule. Bomba linavuja lita 4 kila dakika, kwa hiyo mwendo wa maji ni −4. Dakika tatu zijazo, maji yatakuwa yamepungua lita 12: 3 × (−4) = −12. Kisha waulize habari za dakika tatu zilizopita, ambazo ndizo −3. Maji yalikuwa zaidi au pungufu kuliko sasa, na kwa lita ngapi? Wakishajibu, waandike mfululizo wote kwa kushuka, 3 × (−4), 2 × (−4), 1 × (−4), 0 × (−4), na majibu yake pembeni: −12, −8, −4, 0. Mstari unaofuata waandike wenyewe.